Kabla Hujakubali Injini Ishushwe, Angalia Inapumulia Wapi

Tangu tulipozungumzia magari yanayovuja oili kwenye kipindi cha asubuhi, simu ya studio haijapoa. Ujumbe wa sauti unaingia kutoka Nassa Ginnery, Nyashimo, Mkula, Lamadi na hata ng'ambo ya Bariadi. Wengi wanauliza jambo moja: gari linavuja oili, fundi amesema injini imechoka, inatakiwa ishushwe, ifunguliwe na kubadilishwa ringi. Je, ni kweli?

Msikilizaji mmoja wa Nassa, mwenye Probox ya kubeba abiria, alimaliza ujumbe wake hivi: "Ng'ombe nimeshamtafutia mnunuzi. Nisaidieni kabla siku ya mnada haijafika."

Kwa sababu ya ng'ombe huyo tumeamua kuliandika jambo hili kwa kirefu. Redioni dakika zinakimbia, na haya ni mambo ya kusoma taratibu, simu ikiwa mkononi na boneti ikiwa wazi. Tulichomjibu yeye ndicho tunachokuambia na wewe: injini kuvuja oili si lazima iwe imechoka. Huenda imekosa pa kupumulia tu. Kulijua hilo kunahitaji karatasi moja, kidole chako na kama nusu saa, na hakuhitaji kushusha kitu chochote.

Sisi wenyewe tulijifunza kwa kulipa. Gari letu la matangazo ni Noah ya zamani, ina umri mkubwa kuliko mtangazaji wetu mdogo kuliko wote. Ilianza kudondosha oili nyuma ya injini, pale inapokutana na gia boksi. Tukaambiwa ni sili ya nyuma ya kranki. Kuibadilisha sili ile ni lazima gia boksi lishushwe, kwa hiyo tuliyolipa zaidi ilikuwa kazi, sili yenyewe ni kimpira tu. Mwezi haukuisha, oili ikarudi. Tukabadilisha mara ya pili, ikarudi tena. Halafu likaja jambo jipya: dipstiki ikawa inajiinua yenyewe kutoka kwenye tundu lake, na waliokaa viti vya mbele wakawa wanasikia harufu ya oili iliyoungua. Noah za aina hiyo zina injini chini ya viti vya mbele, kwa hiyo injini ikitema mvuke, anayeuvuta ni dereva na abiria wake. Gereji nyingine tuliyokwenda walitazama, wakatikisa kichwa, wakasema ringi zimekwisha.

Fedha hiyo hatukuwa nayo. Tukaendelea kuongeza oili na kusukuma siku.

Msimu wa pamba tukawa tunatoka kurekodi kwa wakulima huku Nassa. Tulisimama kwa fundi mmoja mzee anayefanyia kazi chini ya mti, tukiomba oili tu ya kutufikisha nyumbani. Tulimwamkia, akaitikia, akatazama chini ya gari, kisha akatuomba karatasi. Hatukuwa na nyingine, tukampa ukurasa wa maswali ya mahojiano. Akainua kiti, akawasha injini, akafungua kifuniko cha kuongezea oili, akaweka karatasi yetu juu ya tundu. Karatasi ikarushwa pembeni. Akaizima, akachomoa kidude kidogo kutoka kwenye kava ya juu, akakitikisa karibu na sikio, akatupa na sisi tukitikise. Kimya.

"Hii injini haijachoka wanangu," akasema. "Imezibwa pumzi."

Sasa tueleze pumzi hiyo ni kitu gani.

Ndani ya injini pistoni zinapanda na kushuka kwenye silinda. Juu ya pistoni petroli na hewa vinaungua kwa nguvu, chini yake kuna kranki na oili. Sehemu hiyo ya chini tuiite tumbo la injini. Kinachotenganisha moto wa juu na oili ya chini ni ringi za pistoni. Lakini ringi haziwezi kuziba asilimia mia, hata kwenye injini mpya. Kila mlipuko, gesi kidogo inapenya pembeni na kushuka tumboni. Kidogo hicho si kidogo ukikihesabu kwa wingi wake: injini ya silinda nne ikizunguka mara 3,000 kwa dakika inapiga milipuko 6,000 kwa dakika hiyo hiyo, yaani 100 kila sekunde.

Gesi hiyo ina petroli ambayo haikuungua, ina moshi, na ina maji. Ndiyo, maji. Lita moja ya petroli ikiungua hutoa mvuke ambao ukipoa unakaribia lita moja ya maji. Mwingi hutokea eksozi, ndiyo maana asubuhi unaona bomba linadondosha matone. Unaopenya tumboni unakutana na oili, na vikikaa pamoja muda mrefu vinazaa ule uchafu mweusi kama ugali wa mtama ulioungua, unaoziba njia za oili.

Kwa hiyo injini inahitaji mlango wa kutolea gesi hiyo. Magari ya zamani sana yalikuwa na bomba tu linaloning'inia chini na kumwaga kila kitu barabarani. Kule California, Marekani, ambako moshi wa magari ulikuwa umewachosha watu wa mijini, mwaka 1961 serikali iliagiza gari lisimwage tena gesi hiyo nje, bali liirudishe kwenye injini iungue. Agizo likaanza kufanya kazi kwa magari mapya ya mwaka 1963. Karibu kila gari la petroli unaloliona leo kati ya Mwanza na Musoma lina mfumo uliotokana na hapo.

Mfumo wenyewe una mipira miwili. Wa kwanza unatoka kwenye boksi la kichujio cha hewa, lile mafundi wanaloliita eakilina, na kuingia kwenye kava ya juu ya injini, tapeti kava. Huo unaleta hewa safi. Wa pili unatoka kwenye kava hiyo hiyo kwenda kwenye manifoldi, ambako injini inavuta hewa yake. Huo ndio unaonyonya gesi chafu. Kwenye mwanzo wa mpira huu wa pili kuna kidude kidogo, kirefu kama kidole gumba, cha chuma au plastiki. Ni valvu ya PCV. Ndani yake kuna kipini na springi.

Kazi ya springi ni kupima. Injini ikiwa sailensi, inaunguruma tu bila kukanyagwa mafuta, manifoldi inanyonya kwa nguvu sana huku gesi ya tumboni ikiwa chache. Kipini kinavutwa na kubana njia, ipite kidogo. Unapopanda mlima na mzigo wa magunia, gesi inakuwa nyingi na mnyonyo unapungua. Springi inakirudisha kipini, njia inapanuka. Ni kidude cha bei ndogo, na wengi wanaliendesha gari miaka kumi bila kujua kuwa kipo.

Kikiganda kikiwa kimefunga, gesi inakosa njia. Inajazana. Itatokea popote palipo dhaifu: sili ya nyuma, sili ya mbele, gasketi ya kava, tundu la dipstiki. Nyingine inarudi nyuma kupitia ule mpira wa hewa safi na kulowesha kichujio cha hewa kwa oili. Hicho ndicho kilichotupata sisi. Tulikuwa tunabadilisha sili wakati presha iliyoitoboa bado iko ndani. Ni sawa na kubadilisha kifuniko cha sufuria inayofurika na kuuacha moto ukiwaka.

Kikiganda kikiwa wazi, mambo yanageuka. Injini inanyonya hewa kupita kiasi kupitia mpira huo, na oili inafuata. Gari haliwi na sailensi nzuri, linatetemeka, linamisi, wakati mwingine taa ya cheki injini inawaka. Linakula oili na huoni linapovuja. Nyuma linatoa moshi wa bluu kidogo, hasa ukiwa umesimama kwenye foleni ya stendi. Mpira ukichanika upande wa manifoldi dalili zinafanana, na hapo kwetu kuna hatari ya ziada: vumbi. Hewa inayoingia kwenye mpasuko haijapita kwenye kichujio. Wanaoziendea njia za ndani wakati wa kiangazi kufuata pamba wanajua vumbi hilo linavyojaa hadi masikioni. Likiingia kwenye silinda linasaga ringi, na hapo ugonjwa wa kusingiziwa unakuwa ugonjwa wa kweli.

Tuje kwenye kupima. Weka gari mahali tambarare, hendibreki juu, gia huru, au P kwa gari la otomatiki. Funga mikono ya shati, na mama, kanga na mtandio viwe mbali na feni na mikanda. Watoto wasogee. Injini iwe imepata moto wa kawaida, lakini usiguse kifuniko cha rejeta.

Anza na dipstiki, injini ikiwa imezimwa na imetulia dakika chache. Oili iwe kati ya alama mbili. Iliyozidi alama ya juu inapigwapigwa na kranki na kufyonzwa kwenye mpira, na wapo waliohangaika mwezi mzima kumbe aliyewaongezea oili alikuwa na mkono mwepesi. Ikiwa imezidi, punguza kwanza ndipo uendelee.

Kisha tafuta ile mipira miwili na uiminye. Iwe laini lakini imara. Iliyokauka kama ganda la muwa, iliyopasuka au iliyolainika hadi inajikunja ikinyonywa, hiyo ni ya kubadilisha. Fungua na kichujio cha hewa. Kikiwa na vumbi kavu, vizuri. Kikiwa kimelowa oili upande ule mpira unapoingilia, tayari umepata ushahidi wa presha.

Sasa karatasi. Washa injini, iache sailensi. Mwenzako achomoe mpira wa hewa safi pale kwenye boksi la kichujio na auzibe mdomo kwa kidole. Wewe fungua kifuniko cha kuongezea oili taratibu, ukiwa na kitambaa, maana injini nyingine zinarusha matone. Weka karatasi ngumu kiasi, kama jalada la daftari, juu ya tundu. Subiri hadi dakika moja. Mfumo mzima ukiwa salama, karatasi inavutwa na kung'ang'ania tundu. Ikiinuliwa au kurushwa, presha imezidi mnyonyo. Magari mengi hubadilika mlio kidogo kifuniko kikifunguliwa. Usitishike na hilo.

Kama karatasi imerushwa, usikimbilie kulia. Hujajua bado kama gesi ni nyingi au mlango ndio umeziba. Chomoa valvu kutoka kwenye kava ikiwa bado imeshikana na mpira wake. Nyingine zimechomekwa kwenye kimpira tu na zinatoka kwa mkono, nyingine zina nyuzi na zinataka spana. Hizo zima injini kwanza, uifungue, uirudishe kwenye mpira wake kisha uwashe. Funika tundu lililobaki kwa kitambaa. Weka kidole kwenye mdomo wa valvu. Unapaswa kusikia inanyonya, na ukitoa kidole ghafla mara nyingi husikia kipini kikigonga, tik.

Hainyonyi? Itoe valvu, weka kidole kwenye mpira wenyewe. Mpira ukinyonya kwa nguvu, valvu imekufa. Mpira usiponyonya, kuna uchafu ndani yake au kwenye tundu la manifoldi, na hapo valvu mpya haitakusaidia kitu. Wengi wanakosea hapa: wananunua valvu, wanaifunga kwenye mpira ulioziba, halafu wanasema redio imewadanganya.

Kuitikisa valvu ili isikike kipini ni kipimo cha haraka. Ikiwa kimya, kwa kawaida imekwisha. Lakini ikilia haimaanishi ni nzima, kwa sababu springi inaweza kuwa imechoka na kipini bado kinacheza. Kipimo bora kidogo ni kupuliza ukitumia kipande cha mpira safi. Ukipuliza kutoka upande unaokaa kwenye kava, hewa ipite kwa urahisi. Ukipuliza kutoka upande wa manifoldi, ipite kwa shida. Usinyonye kwa mdomo hata siku moja. Mabaki ya mafuta yaliyomo ndani ni sumu.

Marekebisho yenyewe hayana makuu. Valvu tunashauri ubadilishe. Kuiosha kunasaidia kukufikisha siku ya mshahara, lakini springi iliyolegea haioshwi ikakaza. Nenda dukani na ya zamani mkononi pamoja na aina ya injini iliyoandikwa kwenye kibati cha gari, kwa sababu zipo zinazofanana kwa umbo lakini springi zake zimepimwa kwa injini tofauti. Ukikosa mpya, iliyotolewa kwenye injini ya mtumba ya aina ile ile inaweza kufaa kama inapita vipimo vyote tulivyotaja. Ukiifunga angalia upande wake. Ikigeuzwa haitafanya kazi.

Mipira inaoshwa kwa mafuta ya taa, injini ikiwa imepoa, mbali na jiko na sigara. Usitumie petroli. Ikauke kabisa kabla ya kuirudisha. Ukibadilisha, tafuta mpira unaostahimili oili na joto. Mpira wa kumwagilia bustani utalainika na kujikunja, na kipande cha tyubu ya baiskeli hakifiki mbali. Badilisha na kile kimpira kinachoshika valvu kama kimekauka, maana kinapitisha hewa pembeni. Kisha ifute injini kwa nje, uendeshe siku chache, utazame oili mpya inatokea wapi. Sili ambayo presha iliishaiharibu haitapona yenyewe. Noah yetu ilibidi tuibadilishe sili mara ya tatu, baada ya valvu. Ya tatu ndiyo ipo hadi leo.

Tuna maneno kidogo na baadhi ya mafundi wetu, kwa heshima zote. Ukifungua boneti za magari ya huku utakuta mipira ya kupumulia imezibwa kwa boliti. Mwenye gari alilalamika gari linakula oili, fundi akaziba, na kweli kwa wiki moja oili haikupungua. Haikupungua kwa sababu hapakuwa na pa kutokea. Wiki ya pili sili zikaanza kuachia. Wengine wanauelekeza mpira kwenye chupa ya soda iliyofungwa kwa waya. Chupa ikiwa na matundu ya kutosha, presha inatoka, lakini mnyonyo wa kusafisha tumbo la injini haupo tena, oili inachafuka upesi, na mpira ulioachwa wazi upande wa manifoldi unavuta vumbi. Kama fundi wako amefanya hivyo, si lazima mgombane. Muulize tu kwa upole, "Fundi, gesi itatokea wapi?"

Lakini tusiwape watu matumaini ya uongo. Kuna injini ambazo kweli zimechoka. Msikilizaji wa Lamadi alifuata hatua zote hizi, akanunua valvu, akaosha mipira, na bado karatasi iliruka na kifuniko cha oili kilichezacheza juu ya tundu kikitoa moshi kama chungu jikoni. Kwenye hali hiyo mlango uko wazi, ila gesi imezidi uwezo wa mlango. Hatua inayofuata bado si kushusha injini, ni kupima kompresheni. Fundi anatoa plagi, anafunga geji kwenye kila silinda, mnapiga staata na kuandika namba. Silinda yenye namba ya chini inaongezwa oili kidogo, kama kijiko, na kupimwa tena. Namba ikipanda sana, ringi ndizo zinazopitisha. Isipopanda, tatizo liko juu, kwenye valvu za silinda hedi au gasketi yake. Msikilizaji wetu namba zilipanda kwenye silinda tatu kati ya nne. Huyo tulimwambia ukweli: aanze kukusanya fedha. Omba uzione namba hizo kwa macho yako. Fundi anayejua kazi hatakasirika.

Moshi nao unasema. Ukitoa bluu asubuhi unapowasha halafu ukakata, mara nyingi ni sili ndogo za valvu za juu. Bluu mfululizo unapokanyaga mafuta, ringi. Ukifungua kifuniko cha oili ukakuta utando mweupe kama maziwa mgando, inaweza kuwa ni mvuke wa maji tu kwa gari linalofanya safari fupi fupi na halipati moto vizuri, na valvu iliyoziba inazidisha hilo. Lakini kama na maji ya rejeta yanapungua, usiendeshe. Mwite fundi aangalie gasketi ya hedi.

Wenye dizeli wametuuliza kama haya yanawahusu. Yanawahusu nusu. Land Cruiser zenye injini ya 1HZ, zile zinazotumika sana kama magari ya wagonjwa, hazina mnyonyo wa manifoldi kama wa petroli wala valvu ya namna hii. Zina mpira wa kupumulia unaokwenda kwenye njia ya hewa. Kwa hiyo usizipime kwa karatasi ukitarajia ivutwe. Kagua mpira usiwe umeziba wala kujikunja, basi. Bodaboda nazo zina kimpira kinachotoka kwenye injini, nyingi hukipeleka kwenye boksi la kichujio. Ukiosha pikipiki angalia hakijabanwa na tope.

Na mashine ya kusaga, zile za dizeli za silinda moja zinazolia tu-tu-tu kijiji kizima, zina pumulio lenye kibati chembamba kinachoruhusu hewa itoke na kuizuia kurudi. Kibati hicho kikiganda au kikivunjika, mashine inatapika oili kwenye kranki na ukutani. Tumeshaona mashine imepakwa matope ya oili miaka na miaka, mwenyewe akiamini ndivyo ilivyo.

Jambo moja linaloziba valvu kuliko yote ni oili iliyokaa sana. Kwa gari la zamani linalofanya kazi kwenye vumbi letu, kilomita 5,000 ziwe mwisho, na si vibaya kuwahi. Unapomwaga oili, chomoa na valvu uitikise. Ni dakika mbili.

Yule ndugu wa Probox alituma ujumbe tena Jumapili jioni. Alifungua boneti na kijana wake akimulika kwa simu. Mpira wa kupumulia ulikuwa umezibwa kwa boliti, na anadhani imekaa hapo tangu kabla hajalinunua gari. Ameitoa, amefunga mpira mpya na valvu. Karatasi sasa inavutwa, ingawa si kwa nguvu sana. Tumemwomba asafishe injini kwa nje, apime dipstiki kila asubuhi kabla ya kuwasha na aandike kwenye daftari kwa wiki mbili, kisha akapimiwe kompresheni. Ng'ombe bado yuko zizini.

Ukishapima la kwako, tuma ujumbe kwenye namba ile ile ya kipindi. Taja aina ya gari, oili inatokea wapi, na karatasi ilikwenda upande gani.